Wimbo wa Watu Wanne: Nani Ana Ngapi?

Studio nyingi za Tena hazina kibao mlangoni. Unapanda ngazi za ploti hadi orofa ya tatu au ya nne, unainama kupita chini ya kamba za nguo, unabisha, na unajikuta katika chumba cha kulala kilichogeuzwa karakana ya muziki. Ukutani kuna trei za mayai, dirisha limezibwa kwa godoro, na maiki imesimamishwa ndani ya kabati kwa sababu makoti na mablanketi hunyonya mwangwi. Nganya, yaani matatu iliyorembwa, ikipita Barabara ya Manyanja na spika zake, kazi husimama mpaka ipite. Tena ni mtaa mdogo uliobanwa kati ya Umoja na Donholm, na sifa zake katika muziki wa Nairobi hazijafikia zile za Dandora ya Kalamashaka au Umoja ya Ethic. Lakini nyimbo hutengenezwa hapa kila wiki, na swali ninalotaka kulichambua huzaliwa katika vyumba kama hivi, mbali kabisa na meza ya wakili.

Tuseme ni usiku wa Jumamosi na chumbani wamo watu wanne. Wa kwanza ni prodyuza, mwenye laptopu na spika, ambaye amekuwa akiipika biti tangu Jumatano. Wa pili amekuja na mistari aliyoiandika kwenye simu akiwa ndani ya matatu. Wa tatu ni dada mwenye sauti. Hakuandika neno, lakini biti ilipozunguka mara ya tano alianza kuvumisha kitu, na kile kitu ndicho kikawa kiitikio. Wa nne haimbi wala hapigi ala. Yeye ndiye aliyetuma shilingi 3,000 za studio, akanunua chipsi na soda, na ndiye anayejuana na madijei wa matatu. Saa tisa usiku wimbo umekamilika na wanausikiliza mara kumi mfululizo. Mwenye mistari, ambaye ndiye mdogo wao, anajikaza na kuuliza: "Kaka, na hii tunagawa aje?" Prodyuza anamjibu bila ubaya wowote: "Wacha itoke kwanza, tutaongea."

Nimelisikia jibu hilo, kwa maneno hayo hayo au yanayokaribiana nayo, kwa watu wengi mno. Wanaolitoa si matapeli, na hilo ndilo linalonifanya nilichukulie kwa uzito. Mara nyingi ni watu wanaopendana, waliokua pamoja na kulipiana nauli. Kisha wimbo unatoka, na kwa bahati unashika. Kampuni fulani inautaka kwa tangazo, au pesa za Skiza, ule wito wa simu, zinaanza kuingia kwenye simu ya mtu mmoja, na wale wanne wanagundua kwamba usiku ule kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani. Prodyuza aliamini nusu ni yake. Mwenye mistari aliamini wimbo wote ni wake kwa kuwa maneno ni yake. Dada aliamini kiitikio ndicho kinachoimbwa na watu. Aliyelipa aliamini ameununua.

Hoja yangu ni kwamba wote wanne walikuwa na sehemu ya ukweli, na ugomvi wao hautokani na uroho. Unatokana na neno moja, "wimbo", kutumiwa kutaja mali nne tofauti. Mali hizo zisipotenganishwa, hakuna mgao unaoweza kuonekana wa haki, hata ugawe kwa nia njema kiasi gani.

Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, kile ambacho mtu mwingine akikiimba kwa gitaa kule Kisumu bado kitakuwa wimbo ule ule. Mali ya pili ni rekodi, ambayo watu wa studio huiita masta, yaani sauti hizi hasa zilizonaswa usiku huu kwenye laptopu hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huzitenganisha mali hizi mbili waziwazi, na vyama vya kukusanya mirabaha vimejengwa juu ya mgawanyo huo: MCSK kwa watunzi na wachapishaji wao, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji waliosikika humo. Leseni za vyama hivi zimekuwa zikitolewa, zikikataliwa na kupelekwa mahakamani kwa miaka, na wasanii wana manung'uniko mengi juu yake. Lakini mpangilio wenyewe una maana. Baa moja ya Donholm ikiucheza wimbo wa watu wetu wanne, pesa hutakiwa kupita milango mitatu, na mtu mmoja anaweza kuwa na haki katika mlango mmoja, miwili au yote mitatu.

Mali ya tatu haimo katika sheria hiyo, ila katika maisha ya leo ndiyo inayoleta machozi mengi zaidi: chaneli ya YouTube, akaunti ya msambazaji wa mtandaoni, na barua pepe iliyotumika kuzifungua. Mwenye nenosiri ndiye anayeona hesabu, na ndiye ambaye namba yake ya simu hupokea malipo. Mali ya nne ni jina la kikundi. Vikundi vya muziki wa gengetoni vilipochipuka Eastlands (mashariki ya Nairobi), Ethic na "Lamba Lolo" mwaka 2018, kisha Sailors na "Wamlambez" mwaka 2019, vijana wengi walijifunza kwamba kikundi kinaweza kupata jina kabla hakijapata karatasi hata moja. Makundi mengi ya wakati ule yametawanyika, na kila mmoja anatafuta riziki yake peke yake. Kikundi kikitawanyika, wimbo unabaki na chaneli inabaki. Nani anabaki navyo?

Turudi kwenye utunzi, maana hapo ndipo penye utata mwingi. Sheria yetu husema kazi ya pamoja ni ile iliyotungwa kwa ushirikiano wa watu wawili au zaidi, ambapo mchango wa mmoja hautenganishiki na wa mwenzake. Soma tena hayo maneno ya mwisho, kisha ufikirie biti na mistari. Biti inaweza kutolewa maneno ikasimama peke yake. Mistari inaweza kuwekwa juu ya biti nyingine. Kwa hiyo prodyuza anaweza kudai kwamba biti ni kazi yake kamili, aliyoimaliza Ijumaa kabla hao wengine hawajafika, na akamuuzia mtu wa Kayole biti ile ile mwezi ujao. Mwenye mistari naye anaweza kuyachukua maneno yake akayarekodi upya kwa prodyuza mwingine. Haya hutokea. Kila upande huona umeibiwa, na kila upande una hoja ya kisheria mkononi. Dawa yake ni sentensi moja iliyoandikwa na kutiwa sahihi: biti hii na maneno haya sasa ni wimbo mmoja, na hakuna atakayetoa kipande chake bila wenzake.

Kuhusu dada mwenye sauti, nitasema bila kuzunguka. Wanawake wanaoimba viitikio Eastlands wamepunjwa kwa neno dogo sana, neno "sauti". "Huyu tulimwita aweke sauti tu." Mtu akipewa maneno na tuni, akayaimba kama alivyopewa, hapo ni mwimbaji, na haki yake ni ya mwimbaji. Lakini yule aliyevumisha tuni ambayo haikuwepo kabla hajafungua kinywa ametunga. Kwamba hakushika kalamu hakubadilishi kitu, kwa kuwa sheria haidai kalamu. Inataka kazi iwe imehifadhiwa kwa namna yoyote, na laptopu ilikuwa ikirekodi. Kibaya ni kwamba ushahidi wa utunzi wake umo ndani ya faili za prodyuza, katika yale majaribio ya kwanza ambayo hufutwa ili kupata nafasi kwenye diski. Dada yangu, kabla hujaondoka omba nakala ya jaribio lile la kwanza, hata kama lina kikohozi na kicheko ndani yake.

Kuna pia jambo la msemo wa mtaani. Nyimbo za Eastlands hujengwa mara nyingi juu ya neno ambalo tayari linatembea maskani, na mtu wa maskani akilisikia redioni husema wamemwibia. Hapa sina budi kumvunja moyo. Hakimiliki hailindi neno moja wala wazo, hulinda namna lilivyofinyangwa kuwa kazi. Aliyelitaja neno pale kwenye kona ya duka anastahili shukrani na pengine soda, ila asilimia hana.

Sasa zile shilingi 3,000. Ukifungua ujumbe wa M-Pesa utaona kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa. Hutaona sababu, na hiyo sababu ndiyo kesi nzima. Kama zilikuwa kodi ya chumba na vifaa kwa saa kadhaa, aliyelipa amekodi studio. Kama zilikuwa bei ya kutengenezewa biti, mambo hubadilika kabisa, kwa sababu sheria ya Kenya husema mtu akiagiza kazi ifanywe, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Maprodyuza wengi hawajui hilo, na waagizaji wengi pia hawajui. Na katika rekodi, sheria humwita mtunzi wa rekodi yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Ndani ya ploti ya Tena huyo ni nani? Ni mwenye laptopu na umeme, au ni aliyetuma pesa na kuwaita watu? Kila mmoja anaweza kujibu "mimi" bila kudanganya.

Watu wakinyamaza, sheria haiwaachi hewani kabisa. Husema kwamba ruhusa iliyotolewa na mmoja wa wenye mali ya pamoja huchukuliwa kama imetolewa na wote, na kwamba pesa zitakazopatikana, kama hakuna makubaliano mengine, zigawanywe kwa haki. Tazama vizuri: kwa haki, haisemi sawasawa. Kinachostahili ni nini, ataamua hakimu. Maana yake ni kwamba yeyote kati ya wale wanne anaweza kuipa kampuni ruhusa leo jioni, na wengine watatu watabaki kumfuata nyuma wakidai fungu ambalo hakuna anayejua ukubwa wake. Nani atatoka Tena kwenda mahakama ya Milimani na wakili kwa ajili ya fungu la shilingi 40,000? Ugomvi wa namna hii huishia kwenye kuvunjana moyo, na kwa nadra sana hufika kwenye hukumu.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Pwani, desturi ya taarabu imewatenganisha mtunzi wa maneno na mwimbaji kwa muda mrefu. Mombasa watu walijua kwamba Juma Bhalo aliimba mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, na kumsifu mmoja hakukumfuta mwingine. Watunzi wa tenzi waliweka majina yao katika beti za mwisho, na jina likasafiri na shairi hata pale ambapo karatasi ilipotea. Ni utaratibu wa heshima zaidi kuliko wa pesa, lakini ulijibu swali la kwanza kabisa, la nani amefanya nini.

Bara, mambo yalikwenda kwa njia ya duka. Enzi za santuri na kanda pale River Road, mwanamuziki aliuza wimbo kwa bei ya mkupuo, akala siku hiyo, na wimbo ukaendelea kumlisha mtu mwingine. Na kabla ya hapo kuna wimbo "Malaika", jeraha ambalo halijafunga mpaka leo. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoandikwa kama mtunzi. Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa ni wake. Grant Charo wa Pwani naye ametajwa kuwa mwenyewe. Wakati wenye madai wakivutana, Miriam Makeba aliuimba ulimwenguni, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na Fadhili akafariki mwaka 2001 swali likiwa bado hai. Siwezi kuamua hapa nani alisema kweli. Ninachoona ni kwamba karatasi moja ya wakati ule, yenye tarehe na sahihi, ingetosha kumaliza mjadala wa miaka 60.

Wala usidhani haya ni matatizo ya Waafrika wasiopenda karatasi. Uingereza, bendi ya Procol Harum ilirekodi "A Whiter Shade of Pale" mwaka 1967. Kinanda kinachofungua wimbo ule kilipigwa na Matthew Fisher, lakini jina lake halikuwa katika utunzi. Alikwenda mahakamani mwaka 2005, miaka 38 baadaye, na mwaka 2009 House of Lords iliamua kwamba ana asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki ule. Asilimia hizo zilihesabiwa kuanzia siku aliyodai, na ile miaka 38 ya mapato ilikwenda na maji. Mpigaji wa kinanda yule na prodyuza wetu wa Tena wangeelewana vizuri sana. Wote wawili ni watu wa sauti inayotambulika papo hapo, na ambao majina yao hayamo pale panapohesabiwa pesa. Kizazi cha studio za Ogopa na Calif Records kilizoea prodyuza kutajwa ndani ya wimbo wenyewe, na mpaka leo biti nyingi huanza kwa jina la aliyezitengeneza. Kutajwa ni heshima, lakini jina lililo masikioni likikosekana kwenye fomu halileti pesa.

Basi tugawe vipi? Watu hutumia njia tatu. Wapo wanaogawa sawa kwa kila aliyekuwamo chumbani. Wapo wanaokata nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, kisha kila nusu ikagawanywa ndani yake. Na wapo wanaohesabu mistari na vesi, kila mtu kwa urefu wa kipande chake. Hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nami ningeomba iachwe. Huwafanya watu warefushe vesi kwa ajili ya asilimia, na humdhulumu aliyetunga maneno manne ya kiitikio ambayo nchi nzima inayajua. Ile ya nusu kwa nusu ina mizizi, na inafaa pale kazi zinapotengana wazi, kama katika taarabu. Lakini chumba cha Tena hakifanyi kazi hivyo. Prodyuza hukata mstari, mwandishi hupendekeza ngoma ipungue, dada hubadilisha neno ili liingie kwenye tuni. Kwa utunzi wa namna hii mimi nasimama na mgao sawa kati ya waliotunga, bila kupima kijiko kwa kijiko. Wakati ambao watu wangeupoteza kubishania 30 au 35 una thamani kuliko hiyo tofauti.

Nimesema waliotunga. Kuwamo chumbani si kutunga, na rafiki aliyesema "hiyo iko sawa" kutoka kitandani hana fungu. Aliyelipa pia hana fungu katika utunzi, hata kama bila yeye usiku ule usingekuwapo. Pesa yake ilizaa rekodi, na katika rekodi ndipo mahali pake. Katika mfano wetu ningependekeza hivi: utunzi, theluthi kwa prodyuza, theluthi kwa mwenye mistari, theluthi kwa dada. Masta, aliyelipa arudishiwe kwanza 3,000 zake na gharama nyingine zenye risiti, kisha achukue asilimia 40 na wale watatu 20 kila mmoja. Wengine watapenda namba tofauti, na wana haki. Kama prodyuza alifanya kazi bure kwa kuamini wimbo, fungu lake la masta lipande na la mlipaji lishuke. Kinachonihusu ni kwamba namba za mali moja zisiamuliwe kwa sababu za mali nyingine.

Na wimbo ukipanuka? Miezi mitatu baadaye msanii mwenye jina anataka kuweka vesi kwenye rimiksi. Yeye agawiwe katika toleo jipya peke yake, na toleo la kwanza libaki kama lilivyokuwa. Nimeona vijana wakimpa mgeni nusu ya kila kitu, hata ya rekodi ambayo sauti yake haimo, kwa furaha ya kuona jina lake kando ya majina yao.

Mtu atauliza kama pesa zenyewe zipo za kugombaniwa hivi. Kwenye mitandao ya kusikiliza, kwa kweli ni matone. Tangu 2024 Spotify hailipi kitu kwa rekodi ambayo haikusikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Lakini pesa za wimbo haziji kwa mtiririko ulio sawa. Zinakaa kimya, kisha zinakuja kwa mkupuo: tangazo, filamu, kampeni, au wito wa simu. Kuhusu wito wa simu, wasanii wa Kenya walipigana miaka mingi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka mgao: asilimia 8.5 kwa kampuni ya kati, 39.5 kwa mtandao wa simu, na isiyopungua 52 kwa msanii au mwenye hakimiliki. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini sheria ilisimama hapo. Wimbo ukiingiza 100,000, zile 52,000 zinafika kwa "mwenye hakimiliki", na kama wenye hakimiliki ni wanne ilhali aliyejaza fomu ni mmoja, Bunge halipandi ngazi za ploti kuja kuwagawia. Tulipigania asilimia za makampuni kwa sauti kubwa, na asilimia zetu wenyewe tukaziacha kwenye "tutaongea".

Anayetaka wimbo kwa tangazo huwa na haraka. Huuliza nani anatia sahihi, na hutaka jibu ndani ya siku chache. Akisikia kwamba mmoja yuko Qatar na hapokei simu, na mwingine amekasirika, huchukua wimbo wa watu wengine. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye hesabu yoyote, maana ni pesa ambazo hazikuja. Upande wa pili, wimbo ukitumiwa bila ruhusa, wenye kujua mali yao husema mara moja. Sauti Sol walipolalamika Mei 2022 kwamba "Extravaganza" ilichezwa katika mkutano wa kisiasa bila idhini yao, walizungumza hadharani na kwa sauti moja. Kikundi ambacho hakijui nani ana nini kingeanza kwa kuulizana chenyewe.

Karatasi yenyewe ni fupi. Jina la wimbo na tarehe. Majina ya kila mmoja kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na jina la kisanii. Kila mtu alifanya nini. Asilimia za utunzi, zikijumlishwa zifike 100. Asilimia za masta, nazo zifike 100. Pesa zilizolipwa zilikuwa za nini. Chaneli na akaunti ziko chini ya barua pepe ipi, na watu gani wawili wana nenosiri. Nani anaruhusiwa kutia sahihi kwa niaba ya wote, na kwa ruhusa ya kiasi gani. Sahihi za wote. Ipigwe picha na iwekwe kwenye kundi la WhatsApp ili kila mmoja abaki na nakala. Ujumbe wa simu peke yake ni afadhali kuliko kimya, lakini usitegemee kuhamisha hakimiliki kwa mdomo: sheria inadai maandishi yenye sahihi ya anayeitoa. Kisha namba hizo hizo zipelekwe kwenye fomu ya chama cha watunzi na, ikiwezekana, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Hakimiliki huzaliwa hata bila kusajiliwa, lakini cheti chenye majina yote humnyima mtu nafasi ya kujisajili peke yake usiku.

Wapo wanaosema kuanza na hesabu huua wimbo, na ninawaelewa. Mtu anayetafuta tuni hapaswi kukatizwa kwa asilimia. Kwa hiyo zisemwe baada ya wimbo kukamilika na kabla faili haijatoka kwenye laptopu. Hapo ndipo mlango mwembamba ulipo. Prodyuza ndiye mwenye faili, na kwa kawaida ndiye mkubwa wa chumba, yule anayeitwa kaka. Yeye ndiye anayeweza kusema "kabla sijawatumia, tuandike" bila mtu kuona kwamba ameingiza tamaa. Mdogo akisema, anaonekana mkaidi. Mkubwa akisema, inakuwa desturi ya studio. Naamini kabisa kwamba maprodyuza 20 wa Eastlands wakiifanya hii kuwa kanuni ya nyumba zao, watazuia ugomvi mwingi kuliko semina zote ambazo tumealikwa hotelini.

Katika kazi ya pamoja, hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka ambao mtunzi wa mwisho aliye hai anafariki. Kijana mwenye mistari, kama alizaliwa 2006 na Mungu akamjalia miaka 80, ataondoka 2086, na akiwa wa mwisho wao, wimbo wa Jumamosi ile utaendelea kuwa na wenyewe hadi mwisho wa 2136. Watakaoudai wakati huo ni wajukuu na vitukuu wa watu wanne, ambao pengine hawatakuwa wamewahi kuonana, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa alikuwepo chumbani kusikia nani alivumisha nini. Kama una wimbo uliotoka ukiwa na wenzako na hamjaandika kitu, wapigie leo, wakati bado mnapokeleana simu.